Fungu la Nyaya Nyuma ya Injini

Busia, upande wa Kenya
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mzee wangu Oluka,

Nakusalimu. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu masikio yako hayawezi simu tena, na kusoma ujumbe wa simu umekataa kujifunza. Luke wa lori la saruji amekubali kuleta barua hii mpaka Rubongi, Uganda, na kuchukua jibu anaporudi.

Mzee, kuna gari limenishinda. Ni gari dogo la kijivu, la Kijapani, la Mama Fatumah anayeuza vitenge hapa mpakani. Anayeliendesha ni mdogo wake, Nasrudin, mtu mrefu mwenye jino la dhahabu ambaye hucheka kabla hajasema neno. Likiwa kavu na barabara ni nzuri, linakwenda kama jipya. Ikinyesha, au likipita matuta mengi, linaanza kutetemeka, taa ya injini inawaka, nguvu inaisha, kisha linazima popote lilipo. Wiki iliyopita lilizima mbele ya trela, Mama Fatumah akiwa ndani. Trela lilikwepa likaingia shambani. Mama alishuka akakaa kwenye majani.

Nimelipima kwa mashine. Ikasema mbovu ni sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Nikaibadilisha. Kesho yake ikasema sensa ya pedali ya mafuta. Nikaibadilisha. Sasa inataja hizo mbili na ya tatu juu yake. Ni kama mgonjwa unayemuuliza panauma wapi, anashika kichwa, halafu goti, halafu tumbo. Sensa nilizoweka ni za magari yaliyokatwa kuuzwa vipuri, maana mpya hapa hazipatikani, lakini nilizipima kabla ya kuzifunga na zilikuwa nzima.

Muzafaru, mwenye gereji, ameanza kuniangalia kwa pembeni. Nimekaa hapa miezi kumi na moja nalala kwenye basi bovu nyuma ya gereji. Nilimwahidi mke wangu Auma kwamba Pasaka nitakuwa nyumbani Nabuyoga. Unajua shule niliachia la sita, Mzee. Kila ninachojua kuhusu umeme wa gari ni wewe ulinipa. Sasa nimefika mwisho wake. Niongezee.

Mwanafunzi wako,
Phillip Othieno


Rubongi
Jumatano, 9 Aprili 2025

Othieno,

Barua yako nimeisoma mara tatu.

Sensa tatu hazifi kwa siku moja. Hizo sensa zinakula kwenye sahani moja. Kompyuta ya gari inazipa volti tano kwa waya mmoja unaogawanyika. Sahani ikiinama, wote wanalala njaa, na mashine yako inawahesabu wenye njaa mmoja mmoja. Kwa hiyo acha kununua sensa.

Fanya hivi. Kwanza fungua waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, unaofungwa kwenye bodi ya gari chini ya betri. Ukwangue mpaka ung'ae, uufunge tena kwa nguvu. Pili, chomoa sensa moja moja huku mita ikiwa kwenye volti tano. Ukichomoa moja na volti zikarudi, hiyo ndiyo inavuta wenzake. Tatu, angalia plagi ya kompyuta, kama imeingia maji.

Fungu la nyaya linalopita nyuma ya injini usiliguse. Limefungwa kiwandani. Ukilifungua utaleta ugonjwa ambao haukuwapo.

Huyo dereva amesema gari limewahi kutengenezwa wapi kabla ya kwenu? Niandikie hilo.

Mimi niko sawa. Paroko anataka baada ya Pasaka nianze kufundisha vijana kwenye karakana mpya ya parokia. Anasema Tororo nzima inajua Oluka hakosei. Nimemwambia nitafikiri.

Oluka


Busia
Jumapili, 13 Aprili 2025

Mzee wangu,

Yote uliyosema nimefanya. Athi nimeikwangua mpaka ikawa kama sarafu mpya. Sensa nimezichomoa moja moja, hakuna inayovuta wenzake. Plagi ya kompyuta ni kavu. Niliifungua na kompyuta yenyewe nikaangalia ndani, safi. Gari likakaa siku mbili bila tatizo, nikaanza kumshukuru Mungu. Jana ikanyesha. Likazima pale kwenye matuta ya sokoni.

Sasa kuna jambo baya zaidi ya gari.

Nasrudin alikuja leo asubuhi akafungua boneti mbele ya watu. "Sensa za dada yangu ziko wapi?"

Nikamletea kopo ninamoweka vilivyotoka. Akazimwaga chini.

"Hizi? Hizi hata jalalani zinakataliwa. Wewe Mganda umeuza zetu ukatuwekea takataka. Na kompyuta umeifungua, lakiri yake imekatika. Hii ndani si yetu."

"Mimi Mganda na wewe ni nani?" nikamwambia. "Baba yako amezikwa Tororo, Uganda."

Watu wakacheka, na hilo likamtia hasira zaidi. Akaita polisi. Mama Fatumah alikuwepo. Aliniangalia tu, na mimi nilitamani anitukane.

Mzee, unajua habari hii inavyokwenda. Kila fundi ameshaitwa mwizi wa sensa, na wako wanaoiba kweli, ndiyo maana asiyeiba haaminiki. Wangenifungia leo leo. Muzafaru ndiye aliyetia saini. Wamenipa mpaka Ijumaa tarehe 25. Gari likipona na ikajulikana lilikuwa na nini, yameisha. Lisipopona, nashtakiwa kwa wizi, na Muzafaru ndiye mdhamini.

Tulipotoka pale aliniambia, "Othieno, mimi sijui kama wewe ni mwizi. Ninachojua ni kwamba mwizi hawezi kulala kwenye basi langu miezi kumi na moja na bado anaamka kunifagilia uwanja. Usinifanye mjinga, bwana."

Nyumbani ni karibu, Mzee. Nikipita nyuma ya nyumba za watu, kwa dakika kumi niko Uganda na hakuna atakayeniuliza. Lakini nikivuka, Muzafaru ataingia ndani badala yangu.

Uliuliza gari liliwahi kutengenezwa wapi. Nimemuuliza Nasrudin mara mbili. Ameapa kwamba tangu walinunue halijaguswa na mkono wa fundi mwingine, ila mimi mwizi.

Auma usimwambie. Mwambie kazi ni nyingi.

Phillip


Rubongi
Jumanne, 15 Aprili 2025

Othieno,

Pole sana. Usibishane tena na huyo mtu. Watu wa namna hiyo ukiwajibu unawapa kuni.

Kama athi ni nzuri na sensa ni nzuri, iliyobaki ni kompyuta. Tafuta gari la aina hiyo hiyo, uazime kompyuta pamoja na ufunguo wake, maana bila ufunguo wake haitawaka. Ifunge, mwagia injini maji, uliendeshe kwenye matuta. Likienda vizuri, umepata.

Nyuma ya injini narudia, usifungue. Wewe una siku kumi tu. Ukianza kufumua nyaya utafika Ijumaa na gari liko vipande, na hapo hakuna atakayekusikiliza.

Auma alipita hapa jana na kuku wa Pasaka, akaniandikia kwenye daftari, "Anakuja lini?" Nimemwandikia, "Karibu." Akanitazama sana. Mkeo si mtu wa kudanganywa.

Ukila, kula vizuri. Fundi mwenye njaa anaona hitilafu kila mahali.

Oluka


Busia
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Mzee wangu,

Kompyuta niliazima kwa fundi mmoja wa upande wa Uganda, nikamwachia simu yangu kama dhamana. Nikaifunga. Nikamwaga maji. Gari likazima kwenye tuta la tatu.

Kwa hiyo si kompyuta. Si sensa. Si athi. Mzee, imebaki njia kati ya kompyuta na sensa, na njia hiyo inapita nyuma ya injini.

Umenikataza mara mbili na sijawahi kuvunja neno lako tangu nilipokuwa nakushikia tochi pale uwanjani kwako. Lakini niliweka mita kwenye plagi ya sensa ya hewa, gari likiwa limesimama. Volti tano. Nikampa fundi mwenzangu aangalie, mimi nikaingiza mkono nyuma nikalitikisa lile fungu. Akapiga kelele, "Mbili! Tano! Mbili!"

Kesho ni Pasaka, gereji imefungwa. Jumatatu pia. Jumanne nafungua. Kama una sababu ambayo hujaniambia, mpe Luke. Yuko hapo mpaka kesho mchana.

Phillip


Rubongi
Pasaka, 20 Aprili 2025

Usifungue. Ningoje.

Oluka


Busia
Jumanne, 22 Aprili 2025

Mzee,

Nilikungoja mpaka saa nne asubuhi. Kisha nikafungua.

Utepe wa juu si wa kiwandani. Ni utepe wa kitambaa, umezungushwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi, mzunguko mmoja unafunika nusu ya mwingine. Nikaufungua taratibu. Ndani kuna nyaya kama kumi na mbili. Waya wa volti tano ni mweupe. Una matundu matatu ya sindano, yamepangwa mstari, nafasi ya punje ya mchele kati ya moja na jingine. Kwenye tundu la tatu kuna nta ya mshumaa iliyobaki. Kwenye mawili nta imeyeyuka imekwisha, na maji yameingia. Nilipasua ganda la waya kidogo kwa wembe. Shaba ndani imekuwa kijani, imeliwa, zimebaki nyuzi mbili nyembamba zilizoshikana. Ukizitikisa zinaachana.

Hiyo ndiyo hitilafu. Sitafuti tena.

Sasa nakuuliza kitu, na nakiandika polepole. Nani mwingine anachoma waya kwa sindano mara tatu kupima umeme? Mafundi wote wa zamani wanachoma, lakini mara moja. Wewe ndiye uliyenifundisha mara tatu, kwa sababu kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Wewe ndiye uliyenifundisha kuziba kwa tone la mshumaa. Kwenye yale malori makubwa ya zamani uliyokuwa ukitengeneza, ambayo nyaya zake zilikuwa nene na ziko mbali na moto, nta ilikaa miaka. Gari hili ni dogo, injini imebanwa, nyuma yake kuna joto la jiko. Nta ingekaa vipi?

Tuko wawili tu duniani tunaofanya hivyo. Na mimi sindano niliiacha siku nilipofika hapa. Muzafaru aliniambia, "Hapa tunapimia nyuma ya plagi, ukichoma waya nakuchoma wewe."

Ulijua. Uliniambia mara mbili nisifungue hapo, na mara ya tatu ukaniambia nikungoje. Ulinituma kwenye athi, ukanituma kwenye kompyuta. Kompyuta niliyoifungua kwa neno lako kuhusu maji ndiyo wanayosema nimeiba.

Sijautengeneza ule waya. Nikiutengeneza, ushahidi umekwisha. Nikiuonyesha kama ulivyo, Nasrudin atasema nimeutoboa mwenyewe jana. Matundu hayasemi ni ya nani. Wewe tu unaweza kusema.

Zimebaki siku tatu. Jina lako sijalitaja kwa mtu yeyote.

Phillip


Busia
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Mzee,

Luke amerudi mikono mitupu. Anasema alikukuta umekaa mlangoni, ukaipokea barua, ukaisoma mbele yake, ukaingia ndani ukafunga.

Kesho saa tatu.

Phillip


Rubongi
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Mwanangu Othieno,

Barua hii nitaileta mwenyewe. Naiandika ili nisije nikafika hapo nikakosa maneno.

Nasrudin nilimjua kwenye barua yako ya kwanza, kwa lile jino. Alikuja kwangu Oktoba, wakati wa mvua, gari linasukumwa. Akaniandikia kwenye daftari, "Mzee, dada yangu asijue nilikuwa Tororo na gari lake." Sikumuuliza alikuwa akifanya nini. Nikachukua sindano. Nikachoma mara tatu kama kawaida, volti zikawa nzuri. Nikaziba, nikafunga utepe. Baadaye ndipo nikakuta ni fyuzi tu iliyolegea. Niliibonyeza kwa kidole gari likawaka. Yale matundu hayakuwa na kazi yoyote. Nilichoma waya mzima wa gari zima.

Ulipoandika habari za trela, niliweka barua chini nikatoka nje. Nilijua. Nikajiambia labda si hapo, labda ni athi, labda ni kompyuta, na kila nilipokutuma mahali nilikuwa naomba ukute ugonjwa huko. Sikukutakia jela. Nilitaka tu hitilafu iwe ya mtu mwingine.

Masikio yalikwenda, nikabaki na jina. Watu walikuja na magari yao kwa sababu ya jina. Paroko alikuja kwa sababu ya jina. Nikawaza, nikisema kwamba ile njia yangu ya miaka thelathini inaua nyaya za magari haya mapya, yako mangapi mengine huko barabarani yenye matundu yangu? Hilo swali ndilo lililofunga mdomo wangu. Bado nalo.

Auma amekuja tena leo jioni. Aliniandikia, "Wamempeleka ndani. Luke ameniambia. Wewe ulijua?" Nikamwandikia ndiyo. Alichukua kikapu chake akaondoka, na kalamu yangu akaiacha chini.

Luke anavuka Jumatatu. Nakuja.

Oluka


Nabuyoga
Jumapili, 4 Mei 2025

Mzee,

Niko nyumbani. Muzafaru amenipa ruhusa ya wiki moja. Nakuandikia kwa sababu Jumatatu ile pale kituoni hatukuzungumza, na ulipoondoka sikukusindikiza. Auma alisema nilifanya vibaya. Labda.

Nilikaa ndani siku tatu. Ijumaa niliwaonyesha waya. Nasrudin alisema kile nilichojua atasema. "Ametoboa mwenyewe!" Askari akanitazama kama mtu aliyechoka kusikia hadithi. Mama Fatumah akatikisa kichwa akatoka nje. Hapo ndipo nilipoacha kukungoja. Nakuambia ukweli. Jumamosi na Jumapili sikukuwaza hata kidogo. Niliwaza tu nani atamlimia Auma msimu huu.

Ulipoingia Jumatatu nilikusikia kabla ya kukuona. Wewe hujui unavyopaza sauti siku hizi. Uliposema, "Hayo matundu ni yangu! Nilitoboa Rubongi, mwezi wa kumi, na huyu hapa ndiye aliyeleta gari!" walisikia mpaka wanawake wanaouza ndizi nje. Askari alikuambia, "Mzee, taratibu," ukaendelea vile vile, kwa kuwa hukumsikia. Nasrudin alianza kucheka, ukafungua daftari lako ukamwonyesha askari mwandiko wake. Cheko likaisha.

Mama Fatumah aliusoma ule ukurasa kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Nasrudin jambo moja tu, "Lete ufunguo." Mpaka leo analiendesha mwenyewe.

Mimi aliniuliza, "Kwa hiyo trela lilitaka kuniua kwa ajili ya mshumaa?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Ungeniambia Jumanne jina la mtu, ningeliamini."

Sijui kama angeliamini. Lakini sikumpa nafasi, na hilo ni langu, si lako.

Gari nimelitengeneza jioni ile ile. Nilikata kipande cha urefu wa kidole, nikaunga waya mpya kwa risasi ya kuyeyusha, nikaufunika na mpira unaobana ukipashwa moto. Nyaya nyingine zote katika lile fungu nilizipitia moja moja kwa kucha. Nilikuta matundu mengine matatu kwenye waya wa kahawia, bado hayajaliwa. Nimeyaondoa pia. Tumelipitisha kwenye matuta ya soko mara kumi, Muzafaru akimwaga maji kwa ndoo kama mtu anayeogesha ng'ombe, na mita ikabaki tano.

Luke anasema umemkatalia paroko, na kwamba umeanza kuzunguka Tororo kwa miguu ukiwauliza watu wanaomiliki magari madogo kama uliwahi kuyashika. Anasema wengine wanakufukuza, wengine wanakucheka.

Watu wa hapa nyumbani wanasema mzee aliyevuka mpaka kukiri kosa lake ni mtu mkubwa. Huenda ni kweli. Mimi nilihesabu. Kutoka barua yangu ya kwanza mpaka siku uliyoingia kituoni ni wiki tatu kamili, siku ishirini na moja. Ungeweza kuniandikia mstari mmoja, "Angalia waya mweupe," bila kutaja jina lako. Ningelitengeneza gari, ningenyamaza, na mpaka leo ungekuwa Oluka asiyekosea. Ningekubebea hilo mpaka kaburini, na wewe unajua ningelibeba.

Hapo ndipo ninapokwama. Hukuniamini hata kwa mstari mmoja.

Kesho kutwa narudi Busia na nitapita Rubongi. Kuna swali moja nataka kukuuliza, nitaliandika kwenye daftari lako: zile siku ishirini na moja, ulikuwa unalala? Usinijibu kwa barua. Nataka nikae mbele yako nikuangalie unapojibu.

Phillip Othieno